Shairi Juu ya Jeneza la Thomasin

Jerome Pask aliichomoa pini kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika pembeni. Kasisi akanyamaza katikati ya sala. Waombolezaji walitazamana, maana tangu lini mume akang'oa shairi kwenye jeneza la mkewe mwenyewe?

Ndivyo ilivyokuwa London: mtu akifa, mwenye beti za kumuaga alizibana kwa pini juu ya kitambaa cheusi kilichofunika jeneza, mara nyingi bila kutia jina. Thomasin, mke wa mchapaji, alikuwa amebandikiwa moja tu.

Jerome alisoma mishororo miwili:

*Kumi na moja miaka, mgongo nautazama,*
*Jina lako nalitaka, mdomoni linakwama.*

Hakuhitaji zaidi. Mwandiko ule aliujua kama vidole vyake vyenye wino. Kutwa alikuwa akipanga herufi za risasi za kuchapia kwa kufuata nakala za Osmund Thirkell, karani wa kukodiwa mwenye kibanda karibu na ua wa Kanisa la Mtakatifu Paulo. Mikia ile ya herufi, mirefu, iliyopinda kama ndoana, haikuwa ya mtu mwingine yeyote mjini.

Miaka kumi na moja. Ndiyo miaka ya ndoa yake.

Walipotoka makaburini, Bi Aldith, muuza mikate wa jirani, alimvuta mkono.

"Pole, Bwana Pask. Mimi sisemi la mtu. Ila kila Alhamisi alikuwa anakwenda kwa Thirkell, na mkate wa nyama chini ya aproni. Nilimuuzia mimi mwenyewe. Nikadhani anakupelekea wewe."

"Kwangu haukufika hata ukoko," alisema Jerome.

Nyumbani alivunja kufuli la sanduku la mkewe. Chini ya shuka alikuta karatasi kumi na mbili, mwandiko uleule, hakuna jina hata moja. Alisoma ya juu. Ilimlaumu mpenzi anayeinamia vitu vidogo vidogo kutwa nzima asimwone aliyesimama kando yake.

Akilini alimwona Thomasin dirishani, kainamia sindano na uzi. Kumbe hakumtupia karani yule hata jicho! Kwa muda mfupi moyo wa Jerome ukalegea. Kisha akajiuliza: kama hakumtaka, basi kwa nini alizitunza?

Akazitia zote motoni bila kusoma nyingine, na ile ya jenezani akaiweka juu yake.

Zilipokuwa zikijikunja, alimkumbuka mkewe akiwa karibu na mtambo wa chapa. Kuandika hakujua, siku ya ndoa alichora msalaba mahali pa jina. Wasichana wengi wa mtaa wake walifundishwa kusoma, kalamu wakanyimwa. Lakini katika kusoma Thomasin alikuwa moto. Yeye ndiye aliyemsomea nakala kwa sauti huku Jerome akiokota herufi moja moja.

"Mstari huu unachechemea," alisema siku moja. "Ningekuwa na wangu, ungeuchapa?"

"Wewe soma, mke wangu. Kuchechemea niachie mimi na goti langu."

Walicheka wote wawili. Au labda alicheka yeye peke yake, hakukumbuka vizuri.

Jua lilikuwa bado juu alipofika kwenye kibanda cha karani. Alimshika ukosi juu ya meza, chupa ya wino ikapinduka.

"Toka nje, mwizi we!"

Wapita njia wakasimama. Thirkell aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Bwana Pask. Nilijua utakuja. Ila nilidhani utakuja unalia."

"Nikulilie wewe? Miaka kumi na moja unamtamani mke wangu, mpaka leo unamfuata jenezani, mbele ya kasisi na majirani!"

"Mimi?"

"Mwandiko ni wako! Utaukana?"

"Siukani. Unamwona yule muuza samaki? Barua zake za mapenzi kwa mjane wa Southwark nazo ni mwandiko wangu. Mjane mwenyewe sijamtia machoni."

Umati ukacheka. Jerome hakucheka. Mkono wake uliachia ukosi taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Umelisoma lote?" aliuliza Thirkell.

"Nimelichoma. Na ya sandukuni. Yote nimeyachoma."

Karani aliketi. Alitazama wino ukitiririka ukingoni mwa meza, asijisumbue kuufuta.

"Mkeo hakutaka nibaki na nakala," alisema. "Alikuwa anasimama hapohapo uliposimama, ananitajia beti zake, mimi naandika kwa ujira wa mkate wa nyama. La mwisho alinitajia kitandani, siku ile nilipokuletea kazi ukaniambia nipande ghorofani nikamjulie hali. Akaniagiza nilibandike kwenye jeneza. Alisema siku hiyo hutaweza kumpa mgongo."

Jerome alishika ukingo wa meza. Wino ukamlowesha vidole.

"Nikamuuliza, tuandike jina gani chini? Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Jina la nini, Osmund? Mume wangu atanijua kwa mstari wa kwanza.'"