Mlinzi Asiye na Mwiba

Nyuki mweusi, wa wale wanaotoboa miti, alichimba nyumba yake ndani ya boriti ya banda la mbuzi. Alipanga vyumba kimoja nyuma ya kingine, kila chumba na yai lake na donge la chavua, na kati yake ukuta wa unga wa mbao. Nje, mumewe wa manjano aliruka mbele ya tundu kutwa nzima, akivuma.

"Atakayesogea nitamchoma," aliwaambia wapita njia.

Mjusi alimtazama siku tatu. Siku ya nne akamsogelea. "Bwana, nyuki dume hana mwiba. Nipishe nikale hao watoto."

Ni kweli, hakuwa nao. Aliendelea kuvuma tu. Mjusi akachungulia tundu, akaona giza, akadhani njia iko wazi, akaingiza pua. Lile giza lilikuwa kitako cha mama, aliyekuwa ameziba mlango.

Mjusi alirudi kwa wenzake na pua iliyovimba. Walipomuuliza nani kamchoma, aliona aibu kusema kachomwa na kitako. "Yule wa manjano," akajibu. "Msimkaribie."

Tangu hapo dume alivuma kwa madaha, na hakuna aliyesogea.

Mchwa, jirani wa boriti hiyo hiyo, alikereka. "Mama, mbona huwaambii kwamba ni wewe?"

"Nikiwaambia, watakuja kunijaribu mimi," alijibu, huku akitafuna mbao. "Na bado nina vyumba viwili vya kujenga."