Kificho cha Kasisi

Bosi alitaka moto uwashwe, na wa kuuwasha ni Roseline, mtumishi wake wa ndani.

Tangu nyumba ijengwe, meko yale ya ukutani hayakuwahi kuona kuni. Nani aote moto Jidda? Lakini jioni hiyo mvua ilikuwa imenyesha mtaa wa Rawdah, wageni walikuwa wametoka Riyadh, na bosi hakuwa mtu wa kuachia nafasi ya kujionyesha. Aliwazungusha ukumbini akiwaonyesha kuta nene za mawe, madirisha membamba yenye vioo vidogovidogo, dari ya mbao nyeusi. Kila kitu, alisema, kimenakiliwa kutoka jumba la Kiingereza la miaka mia nne.

Kila kitu kweli. Msanifu alinakili hata kile kichumba cha siri kando ya dohani, ambamo zamani kule Uingereza kasisi wa Kikatoliki alijificha askari wakija kumsaka. Bosi alikuwa safarini kilipojengwa, na hakuna aliyemwambia; Roseline alikigundua akipangusa mbao zinazokiziba. Sasa nyuma ya mbao zile, tangu asubuhi, alikuwa ameketi mtu.

Roseline hakuwa na moyo wa kumkatalia alipoomba afichwe. Waliingia nyumba hii mwezi mmoja, wote wawili wageni, na kila mmoja alikijua kilio cha mwenzake. Dismas, dereva Mkenya, alikuwa ameegesha mtaa wa nyuma, tayari kumpeleka huyo aliyejificha Riyadh kwa dada yake. Wakishikwa, mwenzake atafungiwa tena chumbani. Roseline mwenyewe atapandishwa ndege mikono mitupu, na watoto wake kule Siaya waage shule.

"Bado hajapatikana?" bosi aliuliza kwa sauti ya chini, wageni wasisikie.

"Mafi, bosi, hayupo. Nimetafuta kote."

"Pasipoti yake ninayo mimi. Atafika wapi? Washa moto."

Akawasha. Kumbe dohani ilikuwa pambo tu, huko juu imezibwa. Moshi ulirudi chini, ukajaa ukumbini, ukapenya kwenye nyufa za mbao. Ukutani kikasikika kikohozi.

Roseline akakohoa hapohapo, kwa nguvu, akainama mpaka machozi yakamtoka. Bosi alimtazama, kisha akautazama ukuta. Roseline akajisogeza mbele ya ubao, akakohoa tena.

"Halas, inatosha, tutakufa humu," alisema mgeni mmoja akijipepea. "Twendeni tukale ufukweni."

Bosi alitoka wa mwisho, shingo upande. Roseline alingoja mpaka gari lilipopita geti, ndipo akauvuta ubao. Mwenzake alitoka, macho mekundu kwa moshi. Roseline alikuwa ameshaanza kufungua vifungo vya sare yake.

"Vaa hii, ujifunike uso, mlinzi atadhani ni mimi natumwa dukani," alinong'ona. "Yalla, madam, kabla mumeo hajarudi."