Kobe Hajajibu Barua

Hakuwa na dirisha. Hakuwa na msaidizi, wala mtu wa kumwachia funguo hata akiugua. Hakuwa na likizo tangu mwaka juzi. Hakuwa na uwezo wa kuwaambia wakubwa hapana, ila kwa maandishi. Na Ijumaa ile, saa tisa alasiri, hakuwa na amani, maana fomu iliyokuwa mbele yake ilikuwa na nafasi moja tupu: ya jina na anwani.

Ofisini walimwita Bwana Ghala. Ghala lake halikuwa na gunia wala sanduku. Lilikuwa ndani ya kompyuta. Humo vilikaa vipande vya programu vilivyotungwa na watu wa nje, ambavyo mafundi wa kampuni waliviunganisha kupata programu za hospitali. Hakuna kilichoingia bila kupita mikononi mwake. Alikipima kama kina hitilafu, akahakikisha kimegongwa muhuri wa mtunzi wake, zile tarakimu za siri ambazo mtu mwingine hawezi kuziiga, ndipo akakifungulia mlango.

Mwezi uliopita wezi walimrubuni mtunzi mmoja aliyechoka, wakapata muhuri wake, wakapenyeza sumu katika programu za kampuni nyingine. Bwana Ghala alichukia sana. Akiwaza wezi tu, akaandika kanuni ya mstari mmoja: kipande ambacho mwenyewe hajulikani kwa jina na anwani hakikai ghalani. Wakubwa wakampigia makofi, kanuni ikaingizwa kwenye mashine. Kesho yake mashine ikapekua ghala zima na kukamata kipande kimoja tu. Kilikuwa kidogo, kurasa mbili, cha kukadiria dozi za watoto kwa uzito wao. Mtunzi wake alijiita Kobe.

Mkuu wa idara, mama mwenye sauti ya upole iliyotisha kuliko makelele, aliteremka kutoka ghorofa ya juu, akasimama mlangoni.

"Bado?"

"Bado, Mkuu."

"Barua yetu ya tatu ilimfika?"

"Ilimfika. Ameifungua na kuisoma."

"Basi ana kiburi."

"Labda anaogopa."

"Anaogopa nini? Tunamwomba jina, hatumwombi figo."

Bwana Ghala aliinamisha macho. "Labda ameajiriwa, Mkuu. Kama mkataba wake ni kama wetu, kila anachoandika ni mali ya mwajiri, hata akikiandika nyumbani kwake. Aliyekificha anafukuzwa siku hiyohiyo."

"Hilo ni lake na mwajiri wake. Sisi mwaka jana tulimfukuza yule dada wa kitengo cha majaribio kwa kosa hilo, na hukumlilia."

"Nililia, Mkuu. Hukuwepo."

Mkuu alimtazama kidogo, kama anayetafuta tundu kwenye nguo. "Jumatatu toleo jipya linakwenda hospitali arobaini. Bila kipande hiki, wauguzi watakadiria dozi za watoto kwa kalamu na karatasi. Unalijua hilo?"

"Nalijua kuliko mtu yeyote humu. Turekebishe kanuni, tukiache wiki mbili."

"Kanuni aliiandika nani?"

"Mimi."

"Na wakaguzi wanakuja lini?"

"Jumatatu asubuhi."

"Basi umejifungia mwenyewe, Bwana Ghala, na funguo umemeza. Saa kumi na moja, kama nafasi hiyo ni tupu, utakiondoa kwa mkono wako. Kabla ya hapo hutoki humu."

Mlango ukajifunga nyuma yake taratibu. Bwana Ghala alisikia viatu vyake vikipanda ngazi hadi vikanyamaza. Akasimama, akaenda hatua nne mpaka ukutani, akarudi hatua nne mpaka kwenye kiti. Kitufe cha kuondoa kipande kilikuwa kwenye kioo cha kompyuta, chekundu, kinasubiri kidole.

Simu ikatetemeka mezani. Alikuwa mke wake.

"Baba watoto, utarudi saa ngapi?"

"Sijui. Nimebanwa. Ni mambo ya Kobe."

"Kobe, Kobe. Miaka tisa sasa. Ungeniletea mke mwenza, tungekwisha kuzoeana." Akacheka, kisha akakumbuka alichopigia. "Mtoto wetu mkubwa ana miadi ya masikio Jumatatu. Kifaa chake cha kusikia kimefika. Daktari anasema bima ya kazini kwako imekubali, ulete kadi tu."

Bwana Ghala alikitazama kitufe chekundu.

"Upo?"

"Nipo. Mama watoto, kifaa hicho hakiwezi kungoja?"

"Kingoje nini? Tangu hospitali walipokosea dozi ya sindano yake, sikio la kushoto halijasikia kitu. Mtoto amengoja vya kutosha."

Alisikia sufuria ikiepuliwa upande wa pili, na mtoto akiimba kwa sauti ya juu mno, kama kawaida yake.

"Ni leo?" mke wake akauliza, sauti imeshuka.

"Ni leo. Kabla ya saa kumi na moja."

"Basi mwambie Kobe asituonee haya. Kifaa tutakitafuta kwa njia nyingine, bila bima. Hao watoto wa hospitali hawana njia nyingine."

Bwana Ghala akaweka simu chini. Ilipofika saa kumi na moja kasoro robo, alivuta kiti mbele akaanza barua ya nne. Hii hakumwandikia Kobe. Aliielekeza ghorofa ya juu.

"Mheshimiwa Mkuu," aliandika, "naomba kipande kibaki ghalani. Fomu nimeijaza. Jina utaliona umelizoea, na anwani, mpaka jioni ya leo, ni chumba cha ghala, ghorofa ya chini."

Akaisoma mara moja, akaigonga muhuri wa Kobe, akaituma.