Funguo Kabla ya Kufuli

Kwa miaka arobaini ya kuchonga funguo, Mzee Doto hakuwahi kuchonga hata mmoja wa kufuli asilolijua. Ndiyo maana maneno ya daktari aliyechunguza damu yake na ya pacha wake, Kulwa, yalimfanya avue kofia.

"Mzee, damuni mwako mna askari wa kinga mamilioni, kila mmoja na ufunguo wake. Mwili huzichonga funguo hizo kabla ugonjwa haujabisha hodi."

"Bila kuona kufuli?"

"Bila kuona. Nyingine hazitapata kufuli lake maisha yote."

"Makubwa!" Doto alinong'ona. "Na za Kulwa?"

Hakuwa amesemezana na pacha wake huyo tangu yeye Doto abadilishe kufuli la nyumba ya baba yao, akamwacha Kulwa nje.

"Nyingi si kama zako. Lakini mkono wa fundi ni ule ule, mmezaliwa nao."

Doto alikwenda moja kwa moja kibandani kwake, akachonga ufunguo wa nyumba ya baba. Alifika mlangoni kwa Kulwa ufunguo ungali na joto kiganjani. Akainua mkono, na kabla hajabisha hodi, akasikia komeo likifunguliwa kwa ndani.