Tundu la Chumba cha Mwisho

Fundi aliziba mdomo wa bomba kwa kiganja, na bomba halikukivuta hata kidogo. Sebuleni vivyo hivyo, jikoni vivyo hivyo. Mashine ya kufyonza vumbi ilinguruma kule gereji, mabomba yake yakipita ndani ya kuta hadi kwenye tundu la kila chumba, lakini nguvu zote ziliishia njiani.

"Mama, kuna tundu limeachwa wazi. Kimebaki chumba kile."

"Kile hakifagiwi," alijibu mwenye nyumba. Hata hivyo akatoa ufunguo.

Kitanda kidogo kilikuwa kimetandikwa. Chini ukutani, kifuniko cha tundu kilikuwa kimezuiwa kwa kalamu ya rangi nyekundu, kisijifunge.

"Hewa inapotelea hapa." Fundi akaichomoa kalamu, na kifuniko kikajibamiza.

Mama aliketi sakafuni taratibu.

"Binti yetu alikuwa akijilaza hapa, anamwita baba yake kwa tundu hili. Baba naye anafungua ndoo ya vumbi ya mashine kule gereji, anamjibu. Tulipomzika, kalamu zake nilizifungia kabatini mimi mwenyewe."

Fundi aliiweka kalamu sakafuni.

"Mume wangu hajatoa chozi mbele yangu. Kila jioni anakwenda gereji, nami nikadhani anakimbia kilio changu, kumbe bado anamwita mtoto wake."

Mama akaiokota kalamu, akaifuta kwa upindo wa kanga, akampa fundi.

"Irudishe ilivyokuwa."

"Mashine haitavuta, mama."

"Ufagio ninao."