Matofali ya Bweni

Tofali la nne nalo lilipasuka kabla mashine haijalibana hata nusu ya kipimo. Mpimaji akapangusa vumbi la saruji usoni, akaandika kwa herufi kubwa: HALIFAI.

"Futa hiyo," alisema Mkuu, mwenye kiwanda. "Lori linaunguruma nje. Gonga muhuri tupakie."

"Haya ni ya bweni la watoto, Mkuu."

"Watalala humo, hawatapigana mieleka na kuta!"

Mafundi wakaangua kicheko. Mpimaji hakucheka, na angechekaje? Alikuwa amekulia kwenye hadithi. Kila jioni, sahani zikishaondolewa, babu yake aliwakusanya wajukuu sakafuni akawasimulia kisa cha nyani aliyemjengea jirani nyumba ya tope bovu, akijua msiba utakuwa wa mwenzake. Siku ukuta ulipoanguka, mtoto wa nyani alikuwa ameenda kucheza huko huko. Babu hakusema kama alipona. Aliwatazama mmoja mmoja, akawaambia, "Kazi mbovu haina jirani." Wajukuu walilala wamejifunika gubigubi.

"Kuna nyani mmoja..." alianza.

"Nyani hakuwa na wafanyakazi arobaini wa kulisha," Mkuu akamkata kauli. "Nilikuchukua ulipotoka chuoni, sikukuuliza hata cheti. Leo unaniumbua mbele ya watu?"

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Kazi hii aliipenda, na huyu mzee alimpenda kuliko alivyoweza kutamka mbele ya mafundi. Lakini bweni lilikuwa la vitanda themanini.

Akautia muhuri mfukoni. Akatoka uani, akampokonya fundi nyundo, akapanda juu ya rundo. Pwaa! Pwaa! Matofali yakamomonyoka kama biskuti. Dereva wa lori akazima injini. Watu wakajaa uani, vinywa wazi, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Mkuu akaja anahema, mkongojo unamtangulia.

"Shuka! Shuka nimesema! Nitakufukuza leo hii!"

"Nifukuze. Lakini haya hayatoki hapa yakiwa mazima."

"Nani amekufundisha ujeuri huu?"

Mpimaji akamtazama usoni, jasho likimtiririka.

"Wewe, Babu," akajibu, akainua tena nyundo.