Alama ya Wanaume

Sirili alifungua kinywa, kijiti chenye pamba kikapita ndani ya shavu lake, na baba yake mkubwa, Wenseslaus, akasogea karibu kabisa kuhakikisha hakuna ujanja.

"Andika jina lake vizuri," alimwambia mtafiti. "Huyu ndiye tunayemtaka."

Nasrin, mtafiti kutoka Moshi mjini, hakupanda Kibosho kwa ajili ya ugomvi wa mtu. Alikuwa akikusanya mate ya wanaume wa koo za mlimani ili ajue mababu zao walitokea wapi. Lakini ilikuwa Desemba, ukoo mzima umerudi nyumbani, na Wenseslaus aliona Mungu kamletea hakimu asiyehongeka.

Kihamba kile, shamba la urithi la ukoo, alikimezea mate siku nyingi. Migomba, kahawa na kaburi la mdogo wake, Leodegar, vyote vilikuwa mikononi mwa Sirili na mama yake, Mektrida. Wenseslaus hakuona haya kusema, hata mbele ya watu kwenye pombe ya mbege, kwamba mwaka mtoto huyu alipotungwa Leodegar alikuwa machimboni Mererani, na hakurudi hata Krismasi. Aliporudi alikuta mimba. Akanyamaza, akalea, akafa. Sasa kaka mtu alitaka damu ngeni ifunge virago.

Yeye mwenyewe Mungu alimpa wasichana watupu, na jambo hilo lilimchoma kuliko alivyokiri.

"Mbegu yangu ni ya mabinti," alizoea kusema akishalewa. Hakuna aliyembishia, maana hata wazee waliamini hivyo.

"Hicho kipimo chako kinaonaje?" alimuuliza Nasrin.

"Kuna alama ambayo baba humpa mtoto wa kiume peke yake, mzee wangu. Binti haipati. Imetembea na wanaume kutoka magharibi ya mbali, baba akimpa mwana, mpaka ikafika hapa mlimani. Ninyi ndugu wa baba mmoja mnayo ileile."

"Na mtoto wa kuokota?"

Nasrin alimtazama Sirili kwa huruma. "Akiwa si wa ukoo, itaonekana."

Mektrida alikuwa bandani akimkatia ng'ombe migomba. Aliacha kukata ili asikie.

"Mama, tukishindwa tutaenda wapi?" Sirili alimuuliza jioni ile.

"Hatutashindwa."

"Una uhakika?"

Mektrida aliinuka akaenda kufunga banda. Sirili aliumia, kwa sababu alitaka mama yake aape, naye hakuapa.

Majibu yalikuja karibu na Pasaka. Ukoo ulikusanyika uani, Wenseslaus akiwa mbele, amevaa koti lake la kanisani. Sirili alisema yasomwe hadharani, liwalo na liwe.

"Sirili ana alama ya ukoo huu," alisema Nasrin. "Ni ileile ya mzee Wenseslaus. Sijaona tofauti yoyote."

Vigelegele vililipuka. Waliokuwa wakimnong'ona Mektrida miaka yote sasa walimkumbatia bila aibu. Kumbe Leodegar alikuwa akija kimyakimya, walisema, mwanamume gani angemwacha mke mzuri vile mwaka mzima! Sirili alilia mbele za watu, akapiga magoti kwenye kaburi la Leodegar, akaita, "Baba!"

Wazee walimgeukia Wenseslaus. Alikuwa amemvunjia heshima mjane wa mdogo wake, na kwa desturi alipaswa kumpelekea jani la sale na kuomba msamaha. Alikwenda kulichuma mpakani mwa kihamba, uso umemsawijika.

Alimkuta Mektrida barazani peke yake. Sirili alikuwa amemsindikiza Nasrin barabarani.

"Nisamehe, shemeji," alisema akimnyooshea lile jani. "Nilikusingizia. Sikujua kama Leodegar alirudi."

Mektrida hakulipokea.

"Leodegar hakurudi," alisema taratibu. "Na mwaka ule aliyevunja mlango wangu alikuwa mtu mmoja tu. Wewe."

Wenseslaus aligeuka kutazama barabarani, alikokwenda Sirili.

"Unaye mtoto wa kiume, shemeji. Na siku ukifa, atakuzika kama baba yake mkubwa."